Nyumba Yetu ni ya Intel

Mpendwa Shangazi Akpene,

Safu yako naisoma kila Jumatano katika chumba cha walimu, na mara nyingi huwa nawacheka wanaokuandikia, kwa hiyo ukinicheka leo nitajua ni zamu yangu. Nimejifunga fundo mwenyewe na sijui nilifungue vipi. Nisaidie, lakini usinihurumie kabla hujafika mwisho wa barua.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Ashaiman, nina miaka arobaini na mmoja, nijue kwa jina la Senyo. Mke wangu mwite Dzifa. Kazi yake ni kutengeneza mabango ya msiba na zile filamu za maisha ya marehemu zinazoonyeshwa Jumamosi watu wakiwa wamevaa nyeusi na nyekundu, na kazi hiyo ndiyo inayosomesha watoto wetu, mshahara wangu mimi unaishia kwenye mchele na mafuta, jambo ambalo silionei haya, au nilidhani silionei haya. Mtaani wananiita Injinia ingawa sikusomea, ni kwa sababu tangu nikiwa chuoni kompyuta ya mtu ikigoma inaletwa kwangu, projekta ya kanisa ikizima naitwa mimi mahubiri yakiwa katikati, na Dzifa mwenyewe nilimwoa hajui hata kuhamisha picha kutoka kwenye kamera, mimi ndiye niliyemfundisha, tumeketi benchi moja bega kwa bega, ananiuliza hiki ni nini na kile ni nini, na nakwambia kweli, Shangazi, siku zile ndizo zilizonifanya nimpende.

Mwaka huu laptopu yake ilichoka kabisa, ukiipa video ndefu inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi halafu inajizima, na wakati huohuo familia moja kubwa ya mji wa Ho ikampa kazi ya marehemu mama yao, mwalimu mkuu mstaafu, filamu ya dakika arobaini kutoka kwenye kanda za zamani, tarehe ya mazishi imeshapangwa. Tukaamua kununua vipande kimoja kimoja na kuiunda kompyuta wenyewe nyumbani, maana ukinunua iliyokwisha kuundwa unalipia pambo. Nikaandika orodha kwenye karatasi. Juu kabisa nikaandika prosesa, kwa sababu huo ndio ubongo wa kompyuta na vingine vyote vinaufuata, na nikaandika Intel, kwa sababu kila kompyuta niliyowahi kuishika kama yangu ilikuwa Intel na haikuwahi kuniaibisha.

Tukaenda Circle, kule Accra kwenye maduka ya kompyuta. Dzifa akasema twende kwa Kafui, amesoma naye sekondari kule Ho, ana duka dogo la vipuri ghorofa ya kwanza. Mimi Kafui nilikuwa simjui. Ni mwanamume mwembamba, anavaa miwani, anaongea polepole kama mtu anayehesabu vidonge. Nikamnyooshea karatasi yangu, hakuipokea, si kwa dharau, alikuwa amekwisha kumgeukia Dzifa anamuuliza anatumia programu gani, filamu zake zina urefu gani, umeme kwao unakatika mara ngapi, na je, baada ya miaka miwili atataka kuiongezea nguvu au atanunua nyingine. Dzifa akajibu yote. Mambo mengine nilikuwa naye siku zote na sikuwahi kuyasikia, kwa mfano kwamba filamu moja humweka anasubiri saa tatu huku mkono umeshika shavu. Kafui akamwambia kwa kazi hiyo na kwa pesa hiyo angemshauri achukue AMD, ya kampuni inayoshindana na Intel, atapata vichwa vingi zaidi vya kugawana kazi, na ule ubao inapopachikwa prosesa utakubali prosesa kubwa zaidi baadaye bila kubadilisha kila kitu.

Nikaingilia. Nikasema, "Nyumba yetu ni ya Intel."

Kafui akatabasamu, akaniita kaka kwa Kiewe. "Efo Senyo, prosesa haina ukoo. Atakayeitumia ni wewe au ni yeye?"

Dzifa akacheka. Kicheko kifupi tu, tena alinigusa mkono alipokuwa anacheka, lakini Shangazi, kile kicheko nilikwenda nacho nyumbani, nikala nacho ugali wa akple, nikalala nacho.

Tukanunua AMD. Kuanzia siku hiyo ikawa Kafui kasema hivi, Kafui kasema vile, ujumbe wa sauti unaingia asubuhi anapika uji, anausikiliza mpaka mwisho, anaurudia, anaandika kwenye daftari. Mimi nikimweleza jambo la kompyuta siku hizi anasema "eeh" huku anakunja nguo. Siku moja mezani akamweleza binti yetu Elikem kwa nini prosesa inapakwa krimu ya kupozea kabla ya kuwekewa feni, akaeleza vizuri sana, vizuri kuliko ninavyoeleza mimi darasani, na yule mtoto akauliza swali lake kwake, sio kwangu. Nikaacha chakula. Nikasema nina kiungulia.

Nikaipekua simu yake. Sijivunii. Nikasoma kila kitu tangu mwanzo, picha za feni, picha za nyaya, swali kuhusu umeme, salamu kwa mama yake, "asante Kafui," "karibu Dzifa," basi. Nilitamani hata ningekuta neno moja la mapenzi, ningekuwa na haki. Sikukuta kitu, na hiyo ikaniuma zaidi, maana sikuwa na cha kumshtakia.

Vipande vyote vikawa vimefika nyumbani, vimepangwa juu ya kabati. Dzifa akasema ataunda mwenyewe Jumamosi, Kafui atakuwa anamwangalia kwenye simu. Hakuniambia "tutaunda". Alhamisi mchana yeye akaenda kwa wafiwa kuchukua picha, shule ilikuwa imefungwa, nikabaki peke yangu na lile kabati. Boksi la prosesa lilikuwa bado limefungwa na karatasi ya gundi ya kiwandani. Nikachukua mashine yake ya kukaushia nywele, nikaipasha ile gundi, ikaachia bila kuchanika. Nilijiambia naangalia tu. Halafu nikajiambia nitaipachika mwenyewe, arudi akute kazi ngumu imekwisha, aseme lo, kumbe bado unaweza. Ile prosesa kwa chini ina miguu midogo mingi kama pini, inaingia upande mmoja tu, na mimi niliweka upande usio wake, ikagoma, nami badala ya kuinyanyua nikaikandamiza, Shangazi, niliikandamiza kwa gumba na kwa hasira, kana kwamba ni mtu. Nilipoitoa, miguu mingi ilikuwa imelala. Nikajaribu kuinyoosha kwa wembe, miwili ikakatika.

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na mchana mzima. Nikairudisha kwenye boksi, nikabandika gundi, nikalipanguza vumbi.

Jumamosi Dzifa akaliweka boksi mbele ya kamera ya simu, akalifungua kwa furaha kama mtu anayefungua zawadi, na Kafui kule kwenye simu akamwambia kwanza aigeuze aone miguu. Akaigeuza. Wote wawili wakaiona miguu iliyolala. Mimi nikasema, "Nilikwambia. Kakupa iliyotumika." Nilisema bila kupumua, kana kwamba nilikuwa nimeyaandaa, na pengine nilikuwa nimeyaandaa.

Aliniamini. Miaka kumi na minne sijawahi kumdanganya katika jambo kubwa, kwa nini asiniamini. Jumatatu akaenda dukani, wateja wakiwa wamejaa, akamwita Kafui mwizi, akamwambia umeniona mjinga kwa sababu tumetoka shule moja, akaiweka ile prosesa juu ya meza mbele ya watu. Kafui akasema tu, "Dzifa, mimi nauza vilivyofungwa, sivifungui." Akarudia mara mbili. Halafu akafungua droo, akamrudishia pesa yake yote, akamwomba asirudi tena. Dzifa akaandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa misiba, wapiga picha, wapambaji, wachapaji, watu mia mbili na zaidi, akalitaja duka. Hao ndio walikuwa wateja wa Kafui.

Ile pesa nikaichukua mimi, nikanunua Intel duka jingine, na ubao wake mwingine, maana ule wa kwanza hauikubali. Niliiunda mimi. Inafanya kazi vizuri, siwezi kuisingizia, filamu ilimalizika, watu wa Ho walilia walipomwona mama yao akifundisha akiwa kijana. Nilipata nilichokuwa nakitaka. Dzifa anawaambia watu, "Baba Elikem ndiye aliyeniokoa," na kila akisema natamani ardhi ifunguke. Ila haniulizi kitu tena. Anasema mambo ya mashine yamemchosha, washa tu nifanye kazi. Lile daftari nimelikuta kwenye takataka. Na juzi nimesikia Kafui ameliachia duka, amekodi kona ya meza kwa mtu mwingine, na mama yake na mama mkwe wangu, wanaoimba kwaya moja kule Ho, hawasalimiani.

Sasa shemeji yangu, mdogo wake Dzifa, anataka naye kuunda kompyuta ya kazi, na Dzifa amenituma nimchagulie. Nakuuliza mambo mawili. Je, nimwambie mke wangu ukweli, au niache, kwa kuwa mashine inafanya kazi na nyumba imetulia? Na huyo shemeji nimwambie achukue Intel au AMD?

Wako,
Injinia, Ashaiman

*

Bwana Injinia,

Nimefika mwisho wa barua kama ulivyoniomba, na huruma niliyokuwa nayo imebaki kidogo. Nitaitumia yote sasa hivi ili tumalizane nayo. Najua inavyouma kuwa mtu wa kuulizwa, halafu siku moja ukakuta maswali yamehamia kwa mwingine. Wanaume wengi wanaoniandikia wana ugonjwa huo na hawaujui jina. Wewe angalau umeuandika, ingawa hukuusoma. Pole.

Sasa nisikilize.

Usiniambie ulikuwa na wivu wa mke. Mwenye wivu wa mke akipekua simu akakosa kitu, anapumua. Wewe ulikosa kitu ukaumia zaidi. Hukuogopa Kafui atamchukua Dzifa. Uliogopa Dzifa atajua. Ulimpenda akiwa anauliza, na siku alipoanza kujibu ukapata kiungulia. Mtoto wako alimuuliza mama yake swali la maana, akapata jibu la maana, na wewe ukasukuma sahani. Fikiria hilo taratibu.

Halafu unaniambia ulikuwa unaangalia tu. Mtu wa kuangalia tu haendi kutafuta mashine ya kukaushia nywele. Na usijifiche nyuma ya ile hasira ya gumba. Kuvunja prosesa ni ajali, hata ukiivunja kwa ujinga. Yangeishia hapo, ungenunua nyingine, mkeo angekununia wiki moja, leo mngekuwa mnacheka. Kosa lako lilianza ulipobandika ile gundi, na likakua ulipofungua mdomo Jumamosi. Umemtumia mke wako kama rungu. Umempiga nalo mtu asiye na hatia, mbele ya wateja wake, na rungu lenyewe halijui limetumika.

Unasema nyumba imetulia. Mwanamke aliyekuwa anaandika kwenye daftari sasa anasema washa tu nifanye kazi. Huko siko kutulia. Dzifa anaamini alikuwa mjinga, kwamba alimwamini rafiki akaibiwa na kwamba mambo haya si yake. Umemrudisha kwenye lile benchi, na safari hii hata swali haulizi. Hicho ndicho ulichomwibia, na kina thamani kuliko kifaa chochote cha Circle.

Kwa hiyo, ndiyo. Utamwambia. Mwambie Jumapili mchana, mkiwa mmekula, watoto wakiwa kwa jirani, mkiwa mmekaa. Usimwambie akiwa ana kazi ya watu mezani. Anza na mashine ya nywele na umalize na lile neno "kakupa iliyotumika". Neno "lakini" usilitumie hata mara moja. Usimkumbushe alivyocheka dukani. Akilia, kaa. Akiondoka, usishike mlango.

Kisha utaandika wewe, kwa jina lako, kwenye lilelile kundi la watu mia mbili. Usimwachie yeye aandike. Andika kwamba prosesa uliivunja wewe, ukaificha, na mwenye duka alikuwa mkweli. Mistari mitatu inatosha. Watu watakucheka, na wana haki.

Kisha utakwenda Circle, watu wakiwa wamejaa, kwa sababu alivunjiwa heshima watu wakiwa wamejaa. Utampelekea bei ya ile prosesa, maana alirudisha pesa kwa kitu ambacho hakukiharibu, na utamwuliza amepoteza nini kingine na utalipaje. Usimwombe akusamehe siku hiyohiyo. Msamaha si risiti, hupewi hapo kaunta.

Sasa swali lako la pili, ambalo naona uliliweka mwisho ukitumaini nitaanza nalo. Mimi kompyuta najua kuwasha na kuzima. Nikamuuliza mpwa wangu Yayra, anayeziunda. Nikamwambia kuna mtu anataka kujua achukue Intel au AMD. Hakunijibu. Akaniuliza: ya kazi gani, ana kiasi gani, ubao atakaonunua unakubali ipi, na baadaye atataka kuongeza au hapana? Kampuni zote mbili, anasema, zinatengeneza vitu vizuri, na mwaka hadi mwaka zinapishana. Anayekwambia moja tu ndiyo nzuri daima, ana kitu kingine anachokitetea.

Maswali hayo Kafui aliyauliza kwa dakika tano. Wewe miaka kumi na minne hukuyauliza.

Shemeji yako mwambie hivi: "Sijui, nimepitwa na wakati, muulize dada yako." Lifanyie mazoezi mbele ya kioo kama ni gumu.

Shangazi Akpene

*

Shangazi,

Nimefanya. Jumapili, kama ulivyosema. Sikutumia lile neno "lakini".

Dzifa alinisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia. Halafu akaniuliza jambo moja tu. "Siku ile namtukana Kafui, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Wewe sikukuandikia hilo. Nilisema alikwenda dukani, sikusema tulikwenda wote. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshikia mkoba. Dzifa alijua nilipokuwa nimesimama, alitaka niseme kwa mdomo wangu. Nikasema. Akainuka, akaosha vyombo vyote, hata visafi, kisha akafunga nguo zake chache akaenda Ho kuwaona akina mama wawili.

Kwenye kundi niliandika. Wamenipa jina jipya, sitalitaja hapa. Circle nilikwenda Jumanne saa tano asubuhi. Kafui alinisikiliza huku anafungua skrubu za kompyuta ya mtu. Pesa akaipokea, akaihesabu, akasema ile kona ya meza inamtosha mpaka mwisho wa mwaka, na wateja wawili wamekwisha kumpigia tangu ujumbe wangu. Nikamuuliza nimlipe nini zaidi. Akasema, "Efo Senyo, Dzifa akitaka kitu aje mwenyewe. Wewe usije." Hakuinua sauti. Nikaaga, nikaondoka.

Leo ni siku ya tisa tangu aondoke. Dzifa anapiga simu jioni, anaongea na watoto, kwangu anasema wape dawa ya minyoo, basi. Jana, akiwa kwenye simu na watoto, nilimsikia anamweleza mdogo wake aliyekuwa kando yake kuhusu vichwa vya prosesa na ubao, kwa sababu watoto walikuwa wameweka spika. Alikuwa anaeleza kwa raha. Sikusogea pale nilipokuwa mpaka alipomaliza. Je, nimfuate Ho?

Senyo

*

Senyo,

Usimfuate. Amekwenda kutengeneza ulichokiharibu, usimwongezee kazi ya kukutazama usoni. Wape watoto dawa ya minyoo. Fua, pika, fundisha fizikia yako. Usimwulize atarudi lini, na akirudi usianze na mambo yenu. Mwulize kazi ya shemeji imefikia wapi na amemchagulia prosesa gani, na kwa nini. Atakueleza. Hata kama unaona amekosea, mwache afike mwisho.

Shangazi Akpene